Umekata utumbo, umepungua... sasa ndo kazi inaanza!

Mpenzi msomaji, kama wewe ni mtu wa soka, hii unaikumbuka. Mwaka 2004 Diego Maradona, yule yule aliyewaliza Waingereza kule Mexico mwaka 1986, alikuwa amenenepa mpaka mashabiki wake wanamwonea huruma. Moyo ukaanza kumsumbua, akalazwa Buenos Aires, watu wakakesha nje ya hospitali na mishumaa. Mwezi Machi 2005 akasafiri mpaka Cartagena, Colombia, akapigwa kisu cha kupunguza tumbo. Agosti mwaka huo huo, lahaula! Diego anaendesha kipindi chake mwenyewe kwenye televisheni ya Argentina, mgeni wa kwanza ni Pelé, wanarushiana mpira kwa vichwa, na suti imemkaa kama kijana wa miaka 25.

Wengi stori wanaiachia hapo. Lakini haikuishia hapo. Mwaka 2007 alilazwa tena, safari hii kwa matatizo ya pombe na ini. Mwili ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Mwaka 2015 akarudi kwenye kisu kwa mara ya pili, huko Venezuela. Novemba 2020 moyo ukagoma, akafariki akiwa na miaka 60.

Naanza na Diego manake hapa mjini siku hizi stori ni hizo hizo. Mtu anapotea miezi mitatu, anarudi magauni yote yanampwaya, na mtaani umbea unapigwa: "Yule kakata utumbo." Baada ya hapo kila mwenye kitambi anauliza bei. Bei ya kisu tu! Hakuna anayeuliza bei ya miaka inayofuata, na mie naona hiyo ndo bei yenyewe.

WANAKATA NINI HASA?

Kwanza tuwekane sawa. Hicho wanachokiita "kukata utumbo" kiko cha aina kadhaa, na inayofanywa sana duniani siku hizi haigusi utumbo kabisa. Daktari anaondoa kama asilimia 75 mpaka 80 ya mfuko wa chakula, unabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Aina nyingine ni ile ya Diego. Pale juu ya mfuko kinatengwa kijifuko kidogo, ukubwa kama yai, halafu kinaunganishwa na utumbo kwa chini, yaani chakula kinapita njia ya mkato. Hiyo ilianzishwa miaka ya 1960 na daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani.

Hapa Bongo wengi wamesikia zaidi habari za puto. Hospitali ya Taifa Muhimbili kule Mloganzila ilianza huduma hiyo mwaka 2022. Puto si upasuaji. Linapitishwa mdomoni, linajazwa maji, linakaa tumboni miezi kadhaa likikupunguzia nafasi, halafu linatolewa. Likitoka, nafasi inarudi kama ilivyokuwa. Kwa hiyo na wewe wa puto usifunge gazeti, mengi humu yanakuhusu.

Na si kila mwenye kitambi anafaa kukatwa. Chukua kilo zako, gawa kwa urefu wako wa mita, halafu jibu ligawe tena kwa urefu huo huo. Tuseme kuna dada wa Sinza ana kilo 120 na urefu wa mita 1.65. Anapata 44. Mwongozo wa kimataifa uliotoka mwaka 2022 unasema kisu kinashauriwa kuanzia 35, na kinaweza kufikiriwa kuanzia 30 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Kama wewe una 27 na shida yako ni suruali ya harusi ya rafiki yako, kaa pembeni.

Kisu kinafanya na jambo la pili. Mwaka 1999 wanasayansi wa Japan walitangaza kugundua homoni ya njaa, ghrelini, na kiwanda chake kikubwa ni huo huo mfuko wa chakula. Mfuko ukiondolewa sehemu kubwa, kiwanda nacho kinapungua. Ndo maana mwaka wa kwanza utamsikia mtu anasema, "Mwenzio njaa siijui kabisa." Madaktari wanakiita kipindi hicho fungate. Na fungate, mpenzi msomaji, unajua wewe mwenyewe huwa inaisha.

HULI, UNAONJA

Wiki mbili za mwanzo ni vitu vya maji tu: maji, supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta mengi. Baada ya hapo vilivyosagwa laini, halafu vyakula laini kama yai la kuchemsha na samaki wa kupondwa. Karibu mwezi wa pili ndo unaanza kurudi kwenye chakula cha kawaida. Kila hospitali ina ratiba yake, fuata ya daktari wako, usifuate ya shosti yako.

Sasa mfikirie mtoto wa mjini aliyezoea sahani ya chipsi kuku na kachumbari ya kumwaga, anaambiwa mlo mzima ni vijiko vichache! Tena atafune mpaka kiwe uji, aweke kijiko chini, apumzike, ndo achote kingine. Mlo mdogo hivyo unachukua dakika 20 mpaka 30. Ukikimbiza, chakula kinakwama kifuani, jasho linakutoka, na kinarudi kilikotoka mbele za watu. Aibu tupu.

Kinachowashinda wengi zaidi ni maji. Sie tumezoea kushushia. Ukishakatwa, kushushia basi! Usinywe na chakula, na ukimaliza kula subiri kama nusu saa. Maji yakiingia pamoja na chakula yanakula nafasi yote au yanakisukuma chakula haraka, njaa inarudi mapema. Lakini mpaka jua linazama unatakiwa uwe umefikisha kama lita moja na nusu. Kwa hiyo chupa inakuwa rafiki yako, funda dogo dogo tangu asubuhi. Kwa joto hili la Dar, anayezembea maji anarudi wodini kutundikiwa dripu.

Na kuna dalili ambazo hazisubiri kesho. Homa, moyo kwenda mbio, tumbo kuuma sana, pumzi kukata au mguu mmoja kuvimba na kuuma, hasa wiki za mwanzo, ni za kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Inaweza kuwa mshono unavuja au damu imeganda. Usianze kuuliza jirani.

UGALI UNAPANGA FOLENI NYUMA

Kwenye kijisahani chako cha sasa kuna mwenye haki ya kwanza, naye ni protini. Wataalamu wanataka gramu 60 mpaka 80 kwa siku. Usipofikisha, mwili unakula misuli yako wenyewe, unapungua kilo lakini unabaki mlegevu kama kamba ya kuanikia nguo.

Yai moja lina kama gramu 6. Kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 kinakupa kama 20. Dagaa wapo, maharage yapo, mtindi upo. Huna haja ya kufilisika na unga wa kopo kutoka ng'ambo, isipokuwa daktari kakwambia. Unaanza na samaki, unafuata mboga, na ugali au wali unapanga foleni nyuma. Nafasi ikiisha kabla haujafikiwa, basi tena.

Mie najua hapo wengi mnaguna. Mswahili asipokula ugali au wali anasema hajala! Lakini tumbo la yai halina nafasi ya kila mtu.

SODA NA BIA: HAPA NDO PANAUA

Chupa ndogo ya soda ya kola ina sukari zaidi ya gramu 30, yaani kama vijiko saba vya chai. Kwa aliyewekewa njia ya mkato, sukari yote hiyo inamwagika kwenye utumbo kwa mkupuo. Dakika chache tu jasho linamtiririka, moyo unadunda, kizunguzungu, tumbo linamwendesha, anatafuta pa kulala. Ukiona hivyo usiseme umerogwa. Ni soda.

Bia nayo ina mambo yake. Baada ya upasuaji wa njia ya mkato pombe inaingia kwenye damu haraka sana kuliko zamani. Yule aliyekuwa anamaliza kreti na washkaji, sasa chupa moja inamlaza, na kuendesha gari ndo asithubutu. Halafu kuna jambo zito zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, uliofuatilia karibu watu 2,000 waliopasuliwa, ulikuta wenye matatizo ya pombe walikuwa asilimia 7.6 kabla ya kisu, na mwaka wa pili baada ya kisu wakafika 9.6. Mtu aliyekuwa anajiliwaza kwa sahani, sahani ikipunguzwa, anaweza kuhamia kwenye chupa.

Diego sisemi kisu ndo kilimlewesha. Pombe na unga vilimwandama tangu enzi zake za kucheza mpira. Ninachosema ni kwamba kisu hakikumwondolea. Tumbo lilipunguzwa, Diego akabaki yule yule. Kwa hiyo kabla hujalala kitandani pale, jiulize huwa unakula kwa sababu ya njaa, au kwa sababu ya upweke, madeni na ugomvi wa nyumbani. Kama ni hayo ya pili, tafuta mtu wa ushauri nasaha mapema. Si kichaa, ni akili.

VIDONGE MPAKA KUFA

Wengine wanafikiri vidonge ni vya mwezi mmoja wa kidonda. Wapi! Ni vya maisha. Vitamini za mchanganyiko, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D, na vitamini B12, ambayo wengine wanachomwa sindano. Mfuko mdogo na njia ya mkato vinafanya mwili usivute virutubisho kama zamani, hata ukila vizuri.

Ubaya wake ni kwamba madhara hayaji leo. B12 mwili huwa na akiba ya muda mrefu, kwa hiyo mtu anaacha vidonge, anajiona yuko fiti, anawacheka wenzake. Mwaka wa pili au wa tatu miguu inaanza ganzi, kumbukumbu inapotea, damu inapungua. Na ukitapika siku kadhaa mfululizo, usijikaze nyumbani. Unaweza kuishiwa vitamini B1 haraka sana, ubongo na mishipa ya fahamu vikaumia moja kwa moja.

Vipimo vya damu hufanyika mara kadhaa mwaka wa kwanza, halafu kila mwaka. Weka hela hiyo kwenye bajeti kama unavyoweka kodi ya nyumba. Mshiko wa kisu unaweza kuchangiwa na ndugu, wa vidonge hakuna atakayekuchangia.

Na neno kwa wale wanaonunua diclofenac dukani kila kiuno kikiuma, kama pipi. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofen na aspirini, zinaweza kukuletea vidonda vibaya pale kwenye maungio, hasa kwa njia ya mkato. Sigara nayo hivyo hivyo. Kila unapoandikiwa dawa, mwambie daktari umepasuliwa nini.

MANENO YA WATU

Kisu hicho kinauma kuliko cha daktari. Kwetu huku kunenepa ni sifa. "Umependeza, ndoa imekukubali!" Ukikonda, wananong'ona. Miaka ya 1980 kule Uganda UKIMWI uliitwa "slim", yaani wembamba, na tangu hapo mtu akipungua ghafla Afrika Mashariki yote inamtazama kwa jicho la pembeni. Dada wa Sinza akishusha kilo 30 asitegemee pongezi. Atasikia, "Vipi, unaumwa?" na akigeuka tu, umbea nyuma.

Halafu kuna mialiko. Mama mkwe kapika pilau tangu alfajiri, wewe unakula vijiko vitatu unasukuma sahani. Utaambiwa unajidai, au unaogopa kulogwa. Si lazima umwage siri yako ukumbini. "Nimeshiba mama, asante, chakula kitamu sana" inatosha, na ukifungiwa kidogo uende nacho nyumbani, pokea kwa mikono miwili. Lakini nyumbani kwako awepo angalau mtu mmoja anayejua kila kitu, manake siku ukianguka bafuni ndo atakayewaambia madaktari.

Ramadhani au Kwaresma ikifika, usifunge kimya kimya. Kukaa kutwa bila maji wakati tumbo haliwezi kufidia usiku ni hatari, hasa mwaka wa kwanza. Ongea na daktari, ongea na kiongozi wako wa dini.

Na mapenzi je? Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta waliopasuliwa wakiwa kwenye ndoa au uhusiano wameachana zaidi kuliko wenzao wasiopasuliwa, na waliokuwa peke yao wamepata wenza zaidi. Mtu akibadilika mwili, anabadilika na kujiamini. Anayekupenda mzungumze mapema, msingoje wivu ukomae.

NYWELE, NGOZI NA MIMBA

Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele zinaweza kukatika mpaka uogope kitana. Mara nyingi zinarudi, mradi protini na vidonge viko sawa. Ngozi ndo haina huruma. Ya mikono na tumbo inaweza kubaki inaning'inia, na hakuna kirimu ya Kariakoo itakayoivuta. Kilo zikishuka haraka, mawe kwenye nyongo nayo yanaweza kutokea, kwa hiyo maumivu makali ya tumbo upande wa kulia usiyapuuze.

Kina dada, hili msikilize vizuri. Mwili ukipungua, uzazi unaweza kufunguka ghafla, hata kwa aliyehangaika miaka. Lakini madaktari wanashauri kusubiri miezi 12 mpaka 18 kabla ya kubeba mimba, ili mtoto asigombanie na mama virutubisho ambavyo mama mwenyewe hana. Na vidonge vya kumeza vya uzazi wa mpango vinaweza kupungua nguvu baada ya njia ya mkato. Ulizia njia nyingine kabla mambo hayajaharibika.

MWAKA WA PILI KILO ZINAPIGA HODI

Sasa tufike pale pa ukweli. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulifuatilia watu zaidi ya 4,000, nusu wamepasuliwa na nusu hawakupasuliwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2007 yalionyesha waliopasuliwa walikuwa na hatari ya kufa ndogo kwa kama asilimia 29. Kwa hiyo asikudanganye mtu kuwa kisu ni urembo tu, kinaokoa maisha.

Lakini utafiti huo huo ulionyesha kuwa watu wa njia ya mkato walipungua asilimia 32 ya uzito wao ndani ya mwaka mmoja mpaka miwili, halafu baada ya miaka 10 ikabaki asilimia 25. Piga hesabu ya dada wa Sinza. Kutoka kilo 120 anashuka mpaka kama 82, halafu miaka 10 baadaye yuko kwenye 90. Huo ni wastani. Wapo waliobaki chini kabisa, na wapo waliorudisha karibu zote.

Kwa hiyo kilo nane zikirudi, dada usijifungie ndani kulia. Mwili una kawaida ya kuupigania uzito wake wa zamani. Njaa inarudi, tumbo linaweza kupokea kidogo zaidi, fungate imeisha. Hatari ni mtu akiona aibu anakimbia kliniki, na anapokimbia ndo zinakuja nane nyingine.

Adui mkubwa hapo ni kudokoa. Mlo mkubwa huuwezi tena, lakini biskuti, aiskrimu, juisi na visheti vinateleza vyenyewe, havikwami popote. Mtu anakula sahani ya mtoto mchana, halafu kutwa nzima mkono uko kwenye pakiti. Anaapa hali kitu!

Kinachosaidia ni mambo ya kawaida tu. Mizani mara moja kwa wiki. Milo yenye saa zake. Kutembea kila siku, kidogo kidogo mpaka ufikishe angalau dakika 150 kwa wiki. Shuka kituo kimoja kabla ya chako, hulipi nauli ya ziada. Ukiweza, ongeza mazoezi ya kubeba uzito ili misuli isiyeyuke. Na kilo zikianza kupanda, rudi kwa daktari zikiwa tatu, si 20. Siku hizi kuna hata sindano za kupunguza hamu ya kula ambazo wengine huongezewa baada ya kisu, ila ni za kuandikiwa na daktari, si za kuagiziwa na mtu wa saluni.

Basi ukiingia hospitali kuuliza bei, uliza na haya: vidonge kwa mwezi shilingi ngapi, vipimo kwa mwaka shilingi ngapi, mtaalamu wa lishe yupo siku gani, na mwaka wa tano ntamwona nani? Ukiona wanajibu la kisu tu na mengine wanarukaruka, chukua mkoba wako, toka.

Haya, tuonane wiki ijayo!